Msondo Ngoma: Bendi iliyobadili majina manne ikabaki na mtindo mmoja

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MSIKILIZAJI wa redio katika Uwanda wa Juu wa Ufipa, katikati ya miaka ya 1980, aliweza kuisikia sauti ya mtu mmoja ikitoka katika bendi nne tofauti ndani ya usiku mmoja. Mtangazaji angetaja kwanza NUTA Jazz, kisha JUWATA, kisha Mlimani Park, na mwisho Safari Sound. Kila jina lilikuwa na wapenzi wake na kila bendi ilijinadi kuwa bora kuliko nyingine. Lakini mwimbaji aliyesikika katika zote alikuwa Muhiddin Maalim Gurumo.

Hali hiyo haikutokana na kosa la mtangazaji. Ilitokana na historia ya bendi kongwe ya muziki wa dansi nchini, ambayo tangu mwaka 1964 imebadilisha majina, wamiliki, viongozi, waimbaji na wapigaji, na hata hivyo wapenzi wake wakaendelea kuitambua kuwa ni bendi ileile. Leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Makala haya yanaeleza safari hiyo, na swali ambalo safari hiyo imeliacha bila jibu kamili: wanamuziki wanapohama, nini hubaki na bendi, na nini hubaki na mwanamuziki mwenyewe?

Bendi ya wafanyakazi

Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi. Baada ya maasi hayo Serikali iliwaweka kizuizini baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwezi uliofuata ikapitishwa sheria iliyovunja shirikisho lao la awali na kuanzisha chama kimoja cha kitaifa, National Union of Tanganyika Workers, kwa kifupi NUTA. Katibu Mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi.

Chama hicho kipya ndicho kilichoanzisha bendi katika mwaka huohuo. NUTA Jazz haikuwa bendi ya kwanza ya dansi nchini, kwani Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz na nyinginezo zilikuwapo kabla yake. Kilichokuwa kipya ni mpangilio wa kazi. Wanamuziki wa bendi za awali walikuwa wakigawana kiingilio cha mlangoni, na wengi walikuwa na shughuli nyingine za kujikimu mchana. Wanamuziki wa NUTA walikuwa waajiriwa. Walilipwa mshahara wa mwezi, na vyombo walivyopiga vilikuwa mali ya chama.

Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe mkoani Pwani, alikuwa miongoni mwa walioingia mwanzoni, akiwa amekwisha kupitia bendi za Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Kwake na kwa wenzake, mshahara ulikuwa kivutio kikubwa, kwani ulimwezesha mtu kupanga maisha hata kama mvua ya Jumamosi iliwazuia watu kuja ukumbini.

Mpangilio huo uliigwa haraka. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaanzisha Urafiki Jazz, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam likawa na UDA Jazz. Majeshi nayo yalikuwa na bendi zake. Kwa takriban miaka 20 mwajiri mkubwa wa wapiga magita nchini alikuwa ni umma wenyewe, kupitia mashirika, vyama na majeshi yake.

Mtindo kama bendera

Ili kuielewa bendi ya aina hii ni lazima kuelewa maana ya mtindo. Kila bendi ya dansi ilikuwa na jina lake rasmi, na pia jina la mtindo wake. Vijana Jazz kwa nyakati mbalimbali walitumia Takatuka na Pambamoto. Orchestra Maquis walikuja na Kamanyola, na baadaye Ogelea Piga Mbizi. NUTA Jazz walichagua Msondo.

Msondo ni ngoma ndefu nyembamba ya pwani iliyowambwa upande mmoja, inayotumika katika unyago. Kwa kuchukua jina hilo, bendi ya magita ya umeme, tarumbeta na saksafoni ilijitangaza kuwa mrithi wa ngoma za nyumbani, na si mwigaji wa rumba ya Kongo peke yake.

Wimbo wa mtindo huu huanza taratibu. Waimbaji husimulia kisa, mara nyingi cha ndoa, ulezi, kifo au urafiki uliovunjika, huku gita la solo likijibu maneno yao na tarumbeta zikijaza nafasi baina ya beti. Baadaye mwendo hubadilika na kuingia sehemu ambayo wanamuziki huiita chemko. Hapo maneno hupungua, magita mawili au matatu husukana, na wachezaji ukumbini huanza kazi yao. Mara nyingi waimbaji hutaja jina la mtindo na majina ya wapigaji katika sehemu hiyo. Kwa msikilizaji wa mbali, chemko ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha bendi.

Jinsi muziki ulivyofika Ufipa

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, makao makuu yakiwa Sumbawanga. Mji huo uko katika mwinuko wa takriban mita 1,800, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Reli haikufika huko. Reli ya Kati iliishia Mpanda upande wa kaskazini, na ya TAZARA ilipita Tunduma, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara upande wa kusini. Barabara hiyo ya Tunduma ilibaki ya udongo hadi ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, na wakati wa masika safari yake ilikuwa ya kubahatisha.

Kwa hiyo, kwa wakazi wengi wa Sumbawanga, Laela, Namanyere au Matai, bendi za Dar es Salaam zilikuwa ni sauti bila sura. Zilifika kwa mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kituo pekee cha Tanzania Bara hadi vituo binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya usiku mmoja zaidi, na kilabuni, penye kimpumu cha ulezi, aliyekuwa na redio hakukosa mahali pa kukaa.

Wafipa, kama wenzao wa mipakani, walikuwa na uchaguzi mwingine pia. Zambia iko jirani, na ng'ambo ya ziwa ni Katanga, chimbuko la wanamuziki wengi waliokuja kufanya kazi Dar es Salaam. Hivyo sikio la mtu wa Ufipa lililinganisha rumba ya Kongo, muziki wa Zambia na dansi la Kiswahili muda mrefu kabla ya kuwapo kwa kanda za kununua sokoni.

Radio Tanzania haikuwa kipaza sauti tu. Ilikuwa pia ndiyo studio. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na zilizotengenezwa zilipitia Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ilizibika hadi mwaka 1983. Bendi zikabaki na studio ya redio, ambako waimbaji na wapigaji walirekodi pamoja kwa mara moja, na utepe ukabaki katika maktaba ya kituo. Wimbo ukishaingia maktaba ulipigwa kwa miaka mingi, hata kama waliourekodi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Hiyo ndiyo sababu msikilizaji wa Sumbawanga aliweza kumsikia Gurumo katika bendi nne kwa usiku mmoja.

Mgawanyiko wa 1978

Februari 5, 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana na kuunda Chama Cha Mapinduzi. Mabadiliko ya jumuiya za chama yaliyofuata yaliiondoa NUTA na kuleta Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, JUWATA. Bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Vyombo, mtindo na wanamuziki walikuwa walewale, jina tu ndilo lililobadilika.

Mtikisiko wenyewe ulikuja mwaka 1978. Katika ukumbi wa Mlimani Park, jijini Dar es Salaam, iliundwa bendi mpya chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, TTTS. Kiini chake walikuwa wanamuziki waliotoka Dar International, wakiwamo Abel Balthazar, Cosmas Chidumule, Joseph Mulenga na Michael Enoch, mpigaji aliyekuwa mwalimu wa wengi na aliyewahi kuongoza Dar es Salaam Jazz. Kutoka JUWATA walikuja waimbaji wawili ambao pengo lao lilionekana mara moja: Gurumo, na Hassani Bitchuka, mwenye sauti nyembamba ya juu iliyompatia jina la Super Stereo.

Waliohama hawakuweza kuuchukua Msondo. Mtindo ulikuwa mali ya bendi kama vile magita yalivyokuwa mali ya chama. Kwa hiyo Mlimani Park wakachukua jina jingine kutoka katika ngoma za pwani, Sikinde, Ngoma ya Ukae. Tangu hapo mashabiki wa dansi jijini wakagawanyika kama walivyogawanyika wa Simba na Yanga, na mapambano ya Msondo na Sikinde katika sikukuu yakawa desturi iliyodumu kwa miongo kadhaa.

JUWATA haikufa. Ilifanya kile ambacho ingekifanya tena mara nyingi baadaye: iliajiri waimbaji wengine, ikawafundisha nyimbo zilizokuwapo, na ikaendelea. Mwaka 1982 akaja kijana Shaaban Mhoja Kishiwa, aliyejulikana kama Moshi William. Baadaye aliongezewa herufi TX, ambazo wakati huo zilihusishwa na wataalamu wa kigeni waliofanya kazi nchini. Mashabiki walikuwa wanasema kwamba huyu ni mtaalamu wetu, wa hapahapa. Kwa zaidi ya miaka 20 sauti yake ndiyo iliyokuwa Msondo kwa wasikilizaji wa kizazi kilichofuata.

Ndekule na kurudi nyumbani

Mwaka 1983 Mlimani Park nayo ilibadilisha mmiliki, ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Miaka miwili baadaye ikapata dawa ileile iliyowanywesha JUWATA. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliamua kubadilisha kikosi chake. Bendi hiyo ilikuwa imepata umaarufu chini ya Ndala Kasheba, mpigaji kutoka Katanga aliyejulikana kwa gita la nyuzi 12, kwa mtindo wa Masantula. Mwaka 1985 Kisima aliachana na kikosi hicho, akawachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park, wakiwamo Gurumo, Bitchuka na Balthazar. Mtindo ukawa Ndekule.

Tukio hilo linaonyesha jinsi kanuni ilivyofanya kazi. Mmiliki aliweza kununua sauti zilizoijenga Sikinde, lakini alilazimika kuanza na jina jipya na nyimbo mpya. Mlimani Park kwa upande wake ilijaza nafasi, ikasonga mbele na Sikinde yake. Ndekule ilivuma kwa muda, kisha ikazimika. Bitchuka alirejea Sikinde. Gurumo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alirudi alikoanzia, katika Msondo.

Alikuta jina limebadilika tena. Mwaka 1991, nchi ilipokuwa inaelekea mfumo wa vyama vingi, JUWATA ilitoa nafasi kwa shirikisho jipya la vyama vya wafanyakazi, OTTU. Bendi ikawa OTTU Jazz. Lakini zama za mashirika ya umma kumiliki bendi zilikuwa zinafikia mwisho. Viwanda na mashirika yalibinafsishwa au kufungwa, na bendi nyingi zilizoyategemea zikatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanamuziki wa OTTU walianza kujitegemea. Safari hii hawakuchukua jina la chama chochote. Walichukua jina la mtindo wao, na bendi ikawa Msondo Ngoma, wapenzi wakiongeza: Baba ya Muziki.

Kwa hiyo kilichodumu tangu mwaka 1964 hakikuwa jina la mwajiri wala orodha ya wanamuziki. Kilichodumu ni mtindo, ambao mwishowe ulikuwa jina la bendi yenyewe.

Wahamaji na aliyebaki

Si wote waliohama kwa kufuata mshahara tu. Wengine walifuata uhuru wa kutunga, wengine marafiki, na wengine walifukuzwa. Shaaban Dede, mwimbaji na mtunzi, alipata kuimba katika Bima Lee, Mlimani Park na Msondo, na kila alikokwenda aliacha nyimbo. Chidumule, aliyeimba wimbo Neema akiwa Mlimani Park, aliacha dansi na kuingia katika muziki wa Injili.

Mfano wa upande wa pili ni Said Mabera, mpigaji wa gita la solo aliyeingia bendini enzi za NUTA, katika miaka ya 1970. Alikuwapo wakati wa JUWATA, akawapo wakati wa OTTU, na bado alikuwapo ilipokuwa Msondo Ngoma. Waimbaji walipobadilika mbele ya vipaza sauti, gita lake lilibaki likiwajibu. Anayesikiliza rekodi za bendi hii za miongo tofauti akisahau waimbaji na kufuatilia solo, ataelewa kwa nini wapenzi hawakuona kwamba wameletewa bendi nyingine.

Kifo nacho kilipunguza kikosi. TX Moshi William alifariki dunia Machi 29, 2006. Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, akafariki dunia Aprili 13, 2014. Dede alifariki Julai 2017.

Nani mwenye wimbo?

Mwaka Gurumo alipostaafu, habari moja iliwagusa wengi zaidi ya muziki wenyewe. Baada ya miaka zaidi ya 50 ya kuimba, alikuwa hajawahi kumiliki gari. Mwanamuziki kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, ndiye aliyempa gari kama zawadi mwaka huohuo. Wapo waliolipongeza tendo hilo kwa haki kabisa. Lakini zawadi hiyo pia ilikuwa ni ushahidi: sauti iliyopigwa redioni nchi nzima kwa nusu karne haikumpatia mwenye sauti kile ambacho nyimbo za mwaka mmoja zilimpatia kijana wa kizazi kipya.

Sababu inapatikana katika mpangilio uleule ulioijenga bendi. Mshahara ulimlinda mwanamuziki dhidi ya njaa, lakini kilichobaki baada ya kazi kilikuwa cha wengine. Vyombo na jina vilikuwa vya mwajiri, na utepe ulikuwa wa redio. Mwanamuziki alipohama, alihama na koo lake na vidole vyake tu, akaanza upya.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Orchestra Maquis, bendi iliyotoka Kamina huko Katanga na kufika Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ilijiundia kampuni yake, OMACO, wanamuziki wenyewe wakiwa wanahisa, na ikawa na mradi wa shamba pamoja na muziki. Nayo haikukwepa kuhamwa na nyota wake, lakini ilionyesha kwamba kulikuwa na namna ya mpigaji kuwa mwenye mali.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, inalinda kazi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa wimbo wa Gurumo kipindi hicho kinafika mwaka 2064. Ugumu uko katika kuthibitisha. Nyimbo nyingi za dansi zilitungwa na waajiriwa, zikarekodiwa na kituo cha umma na kutangazwa kwa jina la bendi peke yake. Warithi wa mtunzi wanaotaka kudai haki wanahitaji kwanza kuonyesha kwamba wimbo ni wa baba yao, na si wa bendi wala wa mwajiri aliyekwisha kuvunjwa. Nepe zenyewe zilirithiwa na Taasisi ya Utangazaji mwaka 2002, na kisha na TBC.

Kuitambua rekodi

Leo kijana wa Sumbawanga anaweza kuzipata nyimbo hizi kwenye simu yake bila kungoja usiku wala kuanika betri. Lakini mara nyingi atakuta zimeandikwa Msondo Ngoma zote, hata za wakati ambao bendi hiyo ilikuwa na jina jingine. Yafuatayo yatamsaidia.

Rekodi iliyotajwa kama NUTA Jazz ni ya kati ya mwaka 1964 na mwishoni mwa miaka ya 1970. JUWATA ni ya kuanzia hapo hadi mwaka 1991. OTTU ni ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Msondo Ngoma ni ya baada ya hapo. Sauti ya TX Moshi William katika bendi hii haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1982 wala ya baada ya Machi 2006. Gurumo na Bitchuka wakisikika pamoja, asikilize mtindo unaotajwa katika chemko: Msondo utampeleka enzi za NUTA au mwanzo wa JUWATA, Sikinde utampeleka kati ya mwaka 1978 na 1985, na Ndekule utampeleka Safari Sound baada ya hapo.

Akifuata utaratibu huo atafanya kile ambacho wazee wake wa Ufipa walikifanya bila kuelekezwa na mtu. Hawakuwa na picha za bendi wala majarida ya muziki. Walikuwa na masikio na redio, na kwa hivyo viwili walijua nani amehama, nani amerudi na nani ameziba pengo. Majina hayo, ambayo mara nyingi hayakuandikwa juu ya kasha la utepe, yanatajwa na wanamuziki wenyewe katikati ya wimbo.